Mfamasia awepo kaunta, si ukutani

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu famasi zinazouza antibiotiki (dawa za kuua bakteria) bila cheti cha daktari. Sheria ipo, ila anayehudumia mara nyingi si mfamasia. Cheti cha taaluma cha mfamasia kimetundikwa ukutani, mwenyewe hayupo.

Mteja akiomba antibiotiki ya amoksilini, "vidonge vinne tu", anakatiwa kwa mkasi, anaondoka na kipande kisicho na jina la dawa wala tarehe ya kuisha muda. Dozi pungufu huweza kuzalisha bakteria sugu, wasiouawa tena na dawa. Alexander Fleming, mgunduzi wa antibiotiki ya penisilini, alionya hivyo tangu 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel.

Napendekeza wakaguzi wasiishie kutazama leseni. Waulize mfamasia yuko wapi, kisha walinganishe daftari la dawa zinazouzwa kwa cheti cha daktari na akiba iliyobaki rafuni.

Msomaji wenu