Umeacha Ugali, Unatembea Kila Alfajiri, na Lehemu Imepanda: Je, Tumekosea Kupima?

Lalamiko hili hutufikia hapa maabara karibu kila mwezi. Mteja ameacha ugali, wali na chapati, anatembea kila alfajiri, suruali zinampwaya, lakini majibu yanaonyesha lehemu (kolesteroli) imepanda, naye anahitimisha kwamba mashine yetu ni mbovu.

Mzee mmoja alitutupia karatasi mezani akidai arudishiwe fedha, kwa kuwa jumla ya lehemu yake ilikuwa imetoka milimoli 5.4 kwa lita hadi 6.1. Mara zote mbili alichagua kipimo cha jumla peke yake kwa kuwa ni nafuu. Sampuli yake ilikuwa bado kwenye jokofu, tukaipima upya kwa ukamilifu: HDL (lehemu nzuri) 1.5, trigliseraidi (mafuta mengine ya damu) 1.1, LDL (lehemu mbaya) 4.1. Kupunguza wanga hushusha trigliseraidi na mara nyingi huinua HDL, na mazoezi husaidia katika hayo mawili. Lakini LDL, ambayo ndiyo hujijenga kwenye kuta za mishipa, mazoezi huigusa kidogo tu, na hupanda kwa baadhi ya watu wanaoziba pengo la ugali kwa samli, nyama ya mafuta na tui zito. Mzee wetu alikuwa akila kuku wa nazi mchana na usiku. Alikwenda kwa daktari wake, akahamia kwenye samaki, parachichi na mafuta ya alizeti, na baada ya miezi mitatu LDL ilisoma 3.2. Trigliseraidi zilikuwa zimeshuka kwa kiasi gani tangu aanze, hatukuweza kumwambia, maana mara ya kwanza hakulipia zipimwe.

Bei ya kipimo kamili inatokana na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya vipimo vitatu, yaani jumla ya lehemu, HDL na trigliseraidi, pamoja na sampuli za udhibiti, za kuhakiki mashine, tunazopitisha kila asubuhi kabla ya kugusa damu ya mteja yeyote. LDL yenyewe tunaikokotoa kutokana na hivyo vitatu, na hesabu hiyo haifai trigliseraidi zikizidi 4.5. Chakula huzipandisha, ndiyo maana tunasisitiza muda wa saa 12 bila kula. Dada mmoja alituficha chai ya maziwa na maandazi mawili. Trigliseraidi zikasoma 4.9, ikabidi arudi kesho yake, alipe nauli na kipimo upya, kisha akasema tumemwibia.

Anayepungua uzito kwa kasi tunamwomba asubiri uzito utulie, kwa kuwa mafuta yanayoyeyuka mwilini huweza kupandisha lehemu kwa muda. Wiki iliyopita tulimrudisha mmoja wa namna hiyo kutoka dirisha la malipo, fedha yake ikiwa bado mkononi.