Stempu za Dharura

Tanga, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo sote, na mama anakusalimu sana.

Picha za stempu za marehemu ami yako, Mungu amrehemu, zilifika zote kwenye simu. Nimezikuza mpaka macho yakaniuma. Nimeona nikujibu kwa kalamu na karatasi, kwa sababu mambo ya stempu hayajibiwi kwa ujumbe wa mistari miwili, na isitoshe nilikuwa natafuta kisingizio cha kupita posta. Bahasha hii ikikufikia usiichane kwa kidole kama kawaida yako. Fungua kwa mkasi, ubavuni.

Yule mtu aliyekuambia atalichukua bati zima la stempu za ami yako kwa bei ya jumla, mwambie asubiri. Sisemi ni mwizi. Nasema mtu anayejua stempu hanunui bati zima bila kupekua, labda awe ameshaona anachokitaka.

Nyingi kati ya hizo hazina bei. Wale vipepeo, samaki na magari ya mbio wa miaka ya themanini na tisini usijisumbue nao. Nyingi ya stempu za namna hiyo zilichapwa kuuziwa wakusanyaji wa nje na hazikuwahi kubandikwa kwenye barua ya mtu. Wape watoto wachezee. Ile seti ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliyoanza kutoka 1935, yenye korongo mwenye taji, jahazi la Ziwa Viktoria, simba na Mlima Kilimanjaro, hiyo itunze. Ni kazi ya mikono iliyotulia. Lakini zile za bei ya chini zimejaa kila mahali, kwa hiyo usitegemee kujengea nyumba.

Kilichonifanya nikae kitako ni ile bahasha ya rangi ya majani makavu, yenye Malkia Victoria wa stempu za India. Chini ya picha umeandika, "Hizi za India, si zetu." Ndugu yangu, hizo ndizo zetu hasa! Posta ya Unguja ilikuwa tawi la posta ya India. Waliijaribu kidogo 1868, wakaifunga mwaka uliofuata, wakaifungua tena tarehe 1 Oktoba 1875, na kwa miaka ishirini iliyofuata barua za Unguja zikabandikwa stempu zilezile zilizotumika Bombay na Karachi. Hapakuwa na neno lolote juu ya stempu la kuonyesha kwamba imetumika kwetu. Kilichoonyesha ni muhuri tu. Kwa hiyo msahau malkia, utazame wino mweusi uliompitia usoni. Ukisoma ZANZIBAR, hata kama ni herufi nne tu zinazoonekana, iweke kando. Pitia stempu zote za India zilizomo kwenye bati, moja moja, kwa mwanga wa mchana.

Na tafadhali, nakuomba kama mtu anayekujua: usiloweke kitu. Najua tulivyofundishwa utotoni, beseni la maji ya uvuguvugu na stempu zinaelea. Stempu iliyobaki kwenye bahasha yake, na muhuri mzima, na anwani ya tajiri wa zamani, haina ulinganisho na ileile iliyobanduliwa. Ukiibandua umebaki na karatasi.

Siku hizo posta ilikuwa ni ushindani, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wafaransa walifungua posta yao Unguja mwaka 1889 wakakaa nayo mpaka 1904, na stempu zao za Kifaransa zikachapwa juu yake thamani ya ana, ile fedha ndogo ya rupia ya India. Wajerumani nao walikuwa na posta Lamu kuanzia Novemba 1888 mpaka Machi 1891, na Unguja kwa muda usiofika mwaka. Sultani yuko kwenye kiti chake, na barua za watu wake zinasafiri kwa mifuko ya watu watatu.

Sasa nikujibu lile swali lako la siku nyingi, kwa nini nazipita stempu nzuri na kukimbilia hizi mbovumbovu. Napenda stempu za dharura. Wale wachapaji wakubwa wa London walichapa kile ambacho watawala walitaka tukione. Lakini stempu zikiisha ghalani, meli haijafika, na watu wamepanga foleni dirishani, karani inabidi afanye kitu kwa alichonacho. Hapo ndipo ninapomwona mtu.

Anza na mji wako mwenyewe. Kampuni ya Waingereza ya Mackinnon iliyokuwa ikitawala Mombasa ilitoa stempu zake 1890, zina jua na taji, na maneno ya Kiingereza yanayojisifia nuru na uhuru. Mwanzoni mwa 1891 zile za thamani ndogo zikaisha. Kampuni ikachukua stempu za ana mbili na ana nne, thamani ya zamani ikafutwa, mpya ikapigwa muhuri au ikaandikwa kwa mkono, na mkubwa mmoja wa ofisi akatia herufi za jina lake ili isiwe ulaghai. Nyingine zina A.D., yaani Andrew Dick, mhasibu mkuu wa kampuni. Ni wino na kalamu tu, kama mtu anavyosahihisha stakabadhi. Bwana huyo baadaye aliacha kazi akawa mfanyabiashara, na Novemba 1895 akauawa na Wamaasai kule bonde la Kedong. Leo wenye fedha zao wanagombania herufi zake mbili.

Mengo, Uganda, ni kituko zaidi. Mwaka 1895 serikali ilitaka posta ya ndani, na mtambo wa kuchapia stempu haukuwepo. Padri mmoja wa misheni ya Kianglikana ya CMS, Ernest Millar, alikuwa na taipureta. Basi akazipiga. U upande huu, G upande ule, katikati tarakimu, na mistari ya vistari kutenganisha moja na nyingine. Kisha zinakatwa kwa mkasi. Hiyo tarakimu si senti wala ana, ni kauri, yaani simbi zilizotumika kama fedha. Kauri mia mbili zilikuwa rupia moja. Fikiria, stempu ya kauri hamsini, katika nchi ambayo gome la kauri lenyewe lilitoka huku kwetu baharini! Utepe mweusi wa taipureta ulipochakaa akaweka wa zambarau, kwa hiyo leo wataalamu wanapanga stempu hizo kwa rangi ya utepe na kwa upana, maana za kwanza alizipiga pana, baadaye akazibana ili karatasi itoe nyingi zaidi. Mimi sina hata moja na sitarajii kuwa nayo.

Unguja nako mwaka uleule, tarehe 10 Novemba, posta ilitoka mikononi mwa India. Stempu mpya bado hazijaja, basi shehena ya stempu za India ikapelekwa kwenye kiwanda cha gazeti la serikali ikachapwa neno Zanzibar juu yake. Herufi zilipangwa kwa mkono, vipande vya madini ya risasi, kimoja baada ya kingine. Matokeo yake kuna stempu zinazosomeka Zanzidar, nyingine Zanibar. Nina hakika mpangaji alisikia maneno siku hiyo, na kumbe alikuwa anatutajirishia wajukuu. Zitafute katika bati, ila usishangilie upesi. Wahuni waligundua mapema kwamba makosa yanauzwa, wakachapa ya kwao.

Stempu zilizoletwa baadaye, 1896, zina sura ya Sultani Seyyid Hamed bin Thuwaini. Yeye alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, na siku mbili baadaye Waingereza wakapiga jumba la Sultani kwa mizinga kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitawaza. Seyyid Hamoud akatawazwa, lakini mpaka 1899 barua za Unguja ziliendelea kusafiri na sura ya marehemu.

Jambo hilo lilijirudia, na la mara ya pili ndilo linalonigusa, kwa sababu wazee wetu walikuwepo. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Siku chache tu baadaye stempu zilizokuwapo posta zilipigwa muhuri kwa mkono, JAMHURI 1964. Seti yenyewe ilikuwa ya 1961, yenye picha ya Sultani Abdulla bin Khalifa, ambaye alikuwa amefariki tangu Julai 1963. Aliyepinduliwa ni mwanawe, Jamshid. Kwa hiyo karani anagonga muhuri wa jamhuri juu ya uso wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Nyingine zimegongwa upande, nyingine kichwa chini, wino umezidi hapa, umepungua pale. Baadaye ikaja chapa iliyonyooka kutoka kwa wachapaji wa Uingereza, safi, na mimi siitaki. Nitakupa hata mbili za chapa hiyo kwa moja ya mkono yenye wino uliotapakaa.

Unguja iliendelea na stempu zake hata baada ya Muungano, mpaka mwisho wa 1967. Ukiziona za miaka hiyo usizichanganye na za Bara.

Nimekuwekea mwisho iliyo yangu. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala huku kwetu walikuwa wamezingirwa. Manowari za Kiingereza zimefunga bahari, hakuna kinachopita. Fedha zikaisha, wakaenda kugonga sarafu Tabora, zile za shaba na ile ya dhahabu yenye tembo. Stempu nazo zikaisha, wakaenda kuchapa kwa wamisionari, Vuga, milimani Usambara, hapohapo juu ya Soni. Tatu tu: heller mbili na nusu (heller ndiyo senti ya rupia ya Wajerumani), heller saba na nusu, na rupia moja. Kabla hata hazijapata kuzoeleka, Machi mwaka huo meli ya Kijerumani iitwayo Marie ikapenya ikatia nanga ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, na ndani yake, pamoja na silaha na dawa, mna stempu mpya kutoka Berlin. Kazi yote ya Vuga ikawa bure. Waingereza walipokaribia, Wajerumani wakayafukia masanduku ya stempu za Vuga ardhini, Morogoro. Mwaka 1921 zikafukuliwa, zikapelekwa Ujerumani, na zilizofaa zikauzwa. Zisizofaa, unaweza kukisia hali yake baada ya masika kadhaa ya Morogoro.

Mimi ninayo moja, ya heller mbili na nusu, ya kahawia. Niliinunua kwa bei nafuu kwa sababu ni mbovu. Kona ya chini imeliwa, gundi imegeuka ukoko, na doa la maji limepita katikati mpaka kwenye tarakimu. Muuzaji alinipunguzia akiniomba radhi kwa hilo doa. Nilinyamaza, maana mimi nilikuwa nalipia doa.

Haya, mambo ya kazi. Kama utakuta kitu chenye wino wa mkono kutoka Mombasa au cha taipureta kutoka Mengo, usikubali neno la mtu, hata langu. Chama cha Royal Philatelic Society cha London kinakagua na kutoa cheti, kwa malipo. Bila cheti hizo ni karatasi zilizoandikwa. Na uhamishe bati leo hii kutoka uvunguni. Unyevu wa Mombasa ni uleule wa Tanga: gundi inayeyuka, stempu zinashikana mbili mbili, kisha inakuja ukungu wa madoa ya kutu, na mende wanapenda gundi kuliko wewe unavyopenda mahamri. Kabati la juu, lenye hewa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu. Ushike kwa kibano, si kwa vidole vyenye jasho.

Lakini kabla ya hayo yote, geuza ile bahasha ya Victoria unipigie picha ya nyuma. Meli za barua kutoka Unguja zilikuwa zikipanda mpaka Aden tangu 1872, na huko barua ziligawanyika, nyingine India, nyingine Ulaya. Mara nyingi nyuma pamegongwa muhuri wa njiani na wa kufikia. Tukiupata tutajua ilikuwa inakwenda kwa nani na imechukua siku ngapi. Ukinipa na tarehe, nitakutafutia meli.

Na Desemba, watoto wakifunga shule, njoo. Tutapanda basi mpaka Mombo, tushike gari la kupanda Soni, nikuonyeshe Vuga ilipo.

Wasalimie nyumbani wote, na shangazi umwambie kahawa yake bado naikumbuka.

Wako,
Rafiki yako wa Tanga