Aliye tayari kuacha pombe huja ananuka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wauguzi, na wenzangu wa mialoni. Huku kwetu Igombe mlevi akitajwa utasikia: "Mwache, akiwa tayari ataacha mwenyewe." Mimi nilikuwa tayari, na siku hiyo nilikuwa nimekunywa.

Kazi yangu ni kushona nyavu za sangara, zile za macho ya inchi 6. Enzi za viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti, nilikunywa jioni kama wengine. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 mke wangu, mama Neema, alishangilia. Vikaja vichupa vya pombe ile ile. Kufika mwaka juzi sikuwa nakunywa tena kwa starehe, nilikuwa nazimua tu: naamka mikono inatetemeka hadi sindano inalikosa jicho la wavu, napiga nusu kichupa, inatulia, nashona mpaka saa sita. Wateja waliusifu mkono wangu. Nikajiona mzima, maana mlevi kwangu alikuwa yule anayelala mtaroni.

Asubuhi moja nikatoka nje, nikakuta kigoda kimeshawekwa chini ya mwembe, sindano tatu zimejazwa uzi, na kando yake kichupa kimefunikwa kwa leso. Nikauliza nani kaweka. Neema, wakati huo yuko darasa la tano, alikuwa anafunga kamba za viatu. "Mimi, baba. Ili usikate uzi." Alilisema kama anayeniwekea uji. Alikinunua kwa chenji ya sukari. (Dukani walimuuzia, na hilo lina barua yake.)

Sikulia wala sikuapa. Nilikunywa nusu yake, maana bila hiyo nisingeweza kufunga vifungo vya shati, nikaenda zahanati. Mhudumu aliniuliza nakunywa kiasi gani, nikajibu "kidogo kidogo", uongo mtupu. Akageuza uso: "Mzee, unanuka. Nenda ukaache kwanza, ukiwa safi uje."

Nikaenda nikaacha. Siku ya kwanza ilikuwa jasho, kutapika na moyo kwenda mbio. Usiku wa pili nikaona dagaa wanapanda ukutani, nikamwita mama Neema alete beseni tuwakinge. Alfajiri nikaanguka, mwili ukakakamaa, nikajing'ata ulimi. Mdogo wangu akanipakia kwenye bajaji hadi hospitali mjini.

Huko daktari alinieleza kwamba mwili uliozoeshwa pombe kila asubuhi ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa namna ile, na wapo wanaokufa. Mtu kama mimi huachishwa akiwa chini ya uangalizi, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, na sindano za vitamini. Akauliza kwa nini sikuja mapema. Nikamwambia nilitumwa nikaache kwanza. Alinyamaza, akaandika.

Wauguzi wetu, sisi tunaowajia asubuhi tunakuja tumeshazimua, la sivyo tusingefika mlangoni. Msitupime kwa harufu. Tuulizeni: "Ukiamka hujanywa, mikono inakuwaje?" Jibu litawaonyesha pa kutupeleka. Na wewe mwenzangu unayesubiri mpaka uzame ziwani au ufukuzwe nyumbani, tazama kwanza kama watu wa nyumbani kwako wameshaanza kupanga mambo yao kufuata chupa yako. Mimi nilichelewa kuliona, mtoto akaliona. Nenda hivyo hivyo ulivyo, ila taja kiasi cha kweli.

Sijasema nimepona. Krismasi iliyopita niliirudia chupa siku tatu, nikarudi kliniki na aibu yangu, wakanipokea.

Mhariri, ukiichapa barua hii, naomba itoke mbalamwezi inapokaribia. Siku hizo wavuvi wa dagaa huwa nchi kavu na fedha waliyoivua usiku wa giza iko mfukoni, na gazeti lako huku huwafikia wengi, hata kama ni kwa kufungiwa maandazi.

Fundi nyavu,
Igombe, Mwanza