Risala ya wakulima wa simu wa Kayole kwa mgeni wetu wa heshima

Mgeni wetu wa heshima, Madam afisa wa kilimo, mwenyekiti, mwekahazina, wanachama wote, pamoja na majirani mliokuja juu mmesikia harufu ya pilau, itifaki imezingatiwa, hamjambo nyote.

Madam, karibu sana Kayole. Tunajua umetoka Tala asubuhi na mapema na ukakutana na ile jam ya Kangundo Road, kwa hivyo hatutakuweka sana, ingawa risala imeandikwa na katibu na wanachama wanamjua katibu wao. Hiyo chupa ya lita 5 iko mbele yako kwa meza tafadhali usidhani ni chai ya maziwa. Tutaifikia.

Sisi ni watu 14. Kuna wauza mitumba, kuna makanga wawili, kuna mwalimu, kuna mama wa chapati pale steji, kuna fundi wa mawe, na tulianza kama chama cha kawaida cha kuzungushiana pesa kila mwezi. Mwaka wa 2019 tukasema hizi pesa badala ya kuziangalia tu zikizunguka tukodishe shamba, tukapata ekari 2 huko Matungulu kwa bei ya chini sana, na hakuna hata mmoja wetu aliuliza mbona bei iko chini hivyo na shamba liko kwa mteremko. Watu wanatuita wakulima wa simu na hatukatai, ni ukweli. Tulikuwa tunampigia kijana wa shamba jioni tunamuuliza kumenyesha, akisema kumenyesha tunashangilia huku Kayole kama watu wamelipwa mshahara. Hakuna siku tulimuuliza hiyo mvua ikishanyesha inaenda wapi.

Msimu wa kwanza ulitudanganya. Ile mvua ya mwisho wa 2019 ilikuwa nyingi kupita kiasi, na mapema 2020 tukavuna magunia 18 ya mahindi, tukapiga picha na kila gunia. Halafu kiangazi kikaingia, misimu mitano mfululizo mvua inafeli, na kila mtu Ukambani anajua miaka hiyo ilivyokuwa, kwa hivyo tukivuna debe mbili tunasema ni kiangazi, tukikosa kabisa tunasema ni kiangazi. Sasa mwisho wa 2023 El Nino ikaja, mvua ya kumwaga na ndoo, tukajua haya, siku zetu zimerudi. Tukavuna magunia 6. Mvua ilirudi lakini mahindi hayakurudi.

Hapo ndio maneno yakaanza kwenye grupu. Wengine wakasema mbegu ni mbaya, wengine wakasema kijana wa shamba anatuibia (tulimkosea sana huyo kijana, na leo yuko hapa, tunamwomba radhi mbele yako Madam), halafu 2024 habari ya mbolea feki ikatoka kwa TV na kila mtu akasema si mnaona, ni mbolea. Lakini mbolea yetu ilikuwa sawa. Tulinunua ile ya ruzuku ya serikali, 2,500 kwa mfuko, na mama jirani pale chini alinunua siku ile ile, mifuko ya aina ile ile, na mahindi yake yalikuwa meusi ti, yamesimama kama askari wa gwaride.

Ikabidi twende tuone na macho. Tulishuka na matatu watu 9, Jumapili moja mwezi wa nne mwaka huo wa 2024, ile wiki hata huku Nairobi maji yalikuwa yanabeba manyumba Mathare, na tukasimama shambani kukinyesha. Madam, wewe umesomea haya mambo lakini wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona. Maji yalikuwa yanashuka kwa mistari, na ile mistari ni sisi tuliichora, manake mwenye trekta alikuwa analima akipanda na kushuka mlima badala ya kukata mteremko, ati ndio rahisi kwake, kwa hivyo kila mfereji wa jembe ukawa mtaro wa kupeleka udongo chini. Mizizi ya mwembe wa juu ilikuwa nje, imening'inia, na mwalimu wetu akapima na mkono, akasema mti huu ulikuwa umefunikwa hadi hapa. Kiganja kizima na zaidi. Chini ya miguu yetu ilikuwa imebaki ile nyekundu ngumu kama tofali, na mawe ambayo hatukuwahi kuyaona 2019, ungesema yanaota.

Mwalimu akatupigia hesabu kwa simu hapo hapo, hiyo pia tunataka uisikie. Milimita 1 ya udongo, hata unene wa shilingi haifiki, ikitoka kwa ekari 2 ni kama kyubiki mita 8, na hiyo ni kama tani 10, yaani lori zima. Hakuna mtu anaweza kuona shamba limepungua milimita 1, lakini lori la udongo likiibiwa usiku si ungepiga nduru hadi polisi waje? Na udongo mpya hautengenezwi kesho, sentimita moja inachukua mamia ya miaka.

Na kibaya ni kwamba maji hayabebi chochote tu, yanachagua. Ule udongo laini mweusi wa juu wenye samadi na majani yaliyooza ni mwepesi, ndio unaenda kwanza, na mbolea imejishikilia kwake, kwa hivyo kile kinachotoka shambani ni kinono kuliko kile kinachobaki. Tulikuwa tunaweka mbolea kwa shimo, mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi inapata shamba liko uchi, ng'ombe wamemaliza mabua yote, matone yanapiga ardhi moja kwa moja, uso wa udongo unajifunga kama umepigwa plasta, maji yanakosa kuingia na kuanza kukimbia. Halafu ile nyekundu iliyobaki haishiki unyevu, jua likiwaka wiki mbili tu mahindi yanakunja majani na ya jirani bado yanacheka. Sisi tulikuwa tunalia kiangazi, kumbe nusu ya kiangazi tulikuwa tumejitengenezea wenyewe, na tunalipia mbolea nauli ya kwenda Malindi.

Ndio, Malindi. Mwalimu ndiye alituambia na tukabishana naye njia nzima ya kurudi hadi Joska. Maji ya Matungulu yanaingia Athi, Athi ikifika mbele inaitwa Galana, kisha Sabaki, inamwagika baharini karibu na Malindi, na ndio maana msimu wa mvua bahari ya huko inakuwa rangi ya kahawia. Mto Nairobi nao unaingia Athi hiyo hiyo. Kwa hivyo taka tunazotupa huku Kayole na udongo wetu wa shamba wanakutana mbele ya safari na kwenda pamoja pwani, bila kutulipia sisi hata tikiti.

Tukauliza yule mama jirani siri yake ni gani. Akatucheka. Akasema mitaro yake ilichimbwa na mwethya, kina mama wa kijiji wakisaidiana shamba kwa shamba, yeye bado mtoto akibeba maji ya kunywa. Akatupatia pia historia, na wazee mliopo hapa mnaijua. Muindi Mbingu, yule amepewa jina la barabara pale City Market, mwaka wa 1938 aliongoza Wakamba wakatembea hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor, juu serikali ya mkoloni ilisema udongo wa Ukambani unaisha na dawa ni kuchukua ng'ombe wao kwa nguvu. Walishinda hiyo ya ng'ombe ingawa yeye alipelekwa kizuizini Lamu. Mitaro nayo ilichukiwa sana miaka hiyo manake ilikuwa ya kulazimishwa, na ni hiyo hiyo mitaro watu walikuja kuichimba wenyewe baada ya uhuru, wakiimba, hadi vile vilima vya Machakos leo vimekatwa ngazi ngazi. Katibu anaona hapo kuna jambo, lakini mwenyekiti amesema nisiingize siasa.

Basi tukachimba. Fanya juu, mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, udongo unarushwa upande wa juu, unakuwa tuta, juu ya tuta unapanda nyasi ya nepia, na kila mvua ikija udongo unasimama nyuma ya tuta kidogo kidogo hadi miaka michache shamba linajilaza lenyewe. Hiyo ndio nadharia. Sisi mwezi wa tisa 2024 tulilipa vijana wakachimba mitaro minne kwa kuangalia na macho tu, fundi wetu wa mawe akiwa hayuko, na mvua ya Novemba ilipokuja maji yote yakakimbilia mahali mtaro umelala chini, yakajaa, yakapasua tuta, na kukawa kubaya kuliko pale mwanzo. Pesa ikaenda. Wanachama wawili nao wakajitoa.

Tulirudia mwaka uliofuata na kamba na pimamaji, ile ya fundi ya kujengea, watu watatu, wawili na fito na mmoja katikati anasoma, na mitaro ikakaa sawa. Pale nyuma ya tuta udongo umeanza kurundikana, na hapo mahindi yanakuwa marefu, mstari wa kijani kibichi unauona hata ukiwa barabarani, na katikati bado ni ya manjano. Tumevuna magunia 9. Sio 18, na hatutaki kukudanganya ati tumefaulu.

Sasa shida yetu kubwa, Madam, na hapa ndio tunaomba msaada wako, na sio mbolea. Barabara ya juu ya shamba ilichongwa 2022, na waliotengeneza wakaweka kalvati, ile bomba ya kupitisha maji chini ya barabara, na mdomo wa kalvati wakauelekeza kwetu. Maji ya kilomita nzima ya barabara yanatapikwa kwenye kona ya shamba. Hiyo kona imekuwa korongo, mtu mzima akisimama ndani unaona kofia tu. Tumeenda ofisi moja, ikatutuma nyingine, ile nyingine ikatuambia tuandike barua, tukaandika tatu. Fanya juu haiwezi kupambana na maji ya barabara, hata mama jirani amesema. Tunaomba uje usimame pale siku ya mvua, na uandike wewe, manake barua ya afisa inasomwa na ya makanga haisomwi. Tunahitaji mtaro mkubwa wa kukinga maji upande wa juu, gabioni mbili (yale makapu ya waya ya kujazwa mawe) za kuziba korongo, na mahali salama pa kuyapeleka hayo maji, sio kwa shamba la jirani. Mawe tuko nayo na vijana wako tayari. Waya na kibali ndio hatuna.

Ombi lingine ni dogo. Ile siku utakuja, tufundishe kupima mteremko vizuri ili tujue mitaro ikae umbali gani, bado tunakisia.

Hiyo chupa ni maji tulikinga pale kwa mdomo wa kalvati mvua ya mwisho, ilikuwa kahawia yote. Imekaa wiki tatu na sasa unaona udongo umelala chini, vidole vinne. Uende nayo ofisini tafadhali, na ukiulizwa ni nini useme ni shamba la watu wa Kayole.

Pilau iko tayari. Ni sisi wanachama wako.