Boran naye ana lake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, iliwasifu N'Dama, ng'ombe wadogo wasio na nundu wa Afrika Magharibi, ambao huumwa na mbung'o na bado wakasimama. Kwa hilo sina ubishi. Ila mliishia pale ambapo Olivier Hanotte na wenzake wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), Nairobi, walianzia.

Wao walitaka kujua ustahimilivu huo umekaa wapi katika kromosomu, zile nyuzi za DNA zinazobeba jeni. Wakapandisha N'Dama na Boran, ng'ombe wa nundu wa Kenya, kisha chotara kwa chotara, hadi wakapata wajukuu 177. Siri iko kwa wajukuu, maana hapo jeni za pande zote mbili zimeshachanganyika na kila ndama ana vipande vyake. Wakawaambukiza vimelea vya nagana, wakafuatilia uzito, wingi wa vimelea na damu ilivyopungua. Halafu swali: wale ambao damu yao haikushuka sana, ni kipande gani cha DNA wanacho ambacho wenzao hawana? Ni kazi ya kuchosha, wala si ya kukadiria kwa macho kama tufanyavyo mnadani.

Matokeo yalichapishwa 2003. Kinga haikuonekana kukaa kwenye jeni moja tu. Walipata maeneo mengi, yaliyotawanyika kwenye kromosomu 18 tofauti. Na baadhi ya vipande vya kinga vilitoka kwa Boran, yule yule tunayemwita mnyonge wa mbung'o! Ndiyo maana walisema kwamba ukichagua vizuri ndani ya machotara hao, unaweza kupata ng'ombe anayestahimili nagana kuliko wazazi wake wote wawili.

Nyinyi mmeandika kana kwamba dawa ni kuleta N'Dama na kumsahau Boran. Hanotte huyo huyo, mwaka 2002, alikuwa ameshachambua makundi 50 ya ng'ombe wa kienyeji kutoka nchi 23 za Afrika, akifuata nyayo za zebu, yaani ng'ombe wa nundu, walioingia kupitia pwani ya mashariki. Utajiri huo tunao zizini.

Leo mfugaji humpandishia ng'ombe wake wa kienyeji mbegu ya Friesian, na ndama akikua hupandishiwa Friesian tena. Simlaumu, maziwa yanalipa karo. Lakini kipande cha kinga kikishatoka kwenye kundi, hakuna duka la kukinunua. Mkirudi kwenye mada hii, waulizeni wauza mbegu: kwenye mitungi yao, za Boran halisi ni ngapi?

Mfugaji, msomaji wenu