Shukrani kwa Mama Aliyetupangia Njia ya Kinondo

Ningependa kumshukuru hadharani mama mmoja, mwenyeji wa Kwale, aliyetusaidia katika ofisi ya kukatia tiketi za basi mjini Nakuru, kisha akaondoka kabla hatujamwuliza jina. Tulikuwa tukipanga kuwapeleka vijana wetu wa kanisa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio kando ya bahari kusini mwa Diani, na kila tuliyemwuliza alitupa maelezo tofauti.

Mama huyo aliacha nafasi yake kwenye foleni, akaketi nasi, akachora nyuma ya risiti njia yote tangu kivuko cha Likoni. Alitueleza kwamba msituni hatuingii bila mwongozaji, kwamba mgeni hufungwa kaniki kiunoni, na kwamba hakuna kuchuma hata jani, agizo ambalo naamini limechangia sana kuuhifadhi msitu huo hadi ukatambuliwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Kisha akazitazama ndara za kijana wetu mmoja, soli zimelika kisiginoni, akasema mawe ya matumbawe ni makali, avae viatu vinavyofunika vidole. Kuhusu ufuko, alitushauri tufike maji yakipwa, tukikumbuka kuwa saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda zaidi.

Mama, ukisoma haya, safari imepangwa ulivyotuelekeza. Nanyi wenyeji wa pwani mnaoishi huku bara, tafadhali msichoke kutuelekeza hivyo.