Usikate kitambaa cha ndani

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani sote wazima, bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ile sketi ya buluu niliyokushonea inakuzunguka kiunoni mpaka zipu ya nyuma inahamia ubavuni, na Jumatatu unaanza fildi. Unasema utampelekea fundi wa hapo nje aipunguze. Usimpelekee, mama. Utaipunguza mwenyewe kwa sindano ya mkono, na kwa usiku mmoja utakuwa umemaliza.

Kwanza jipime, na ujipime ukiwa umeshakula. Januari nilikupima hapa sebuleni, kiuno kilikuwa 78. Kama sasa futi inasema 72, tunaondoa sentimita 6. Hapa ndipo watu wanapoharibu nguo. Sketi ina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono umeshika kitambaa cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo unapunguza sehemu nne. Sita gawa kwa nne ni moja na nusu. Mshono mpya unakaa sentimita moja na nusu tu ndani ya ule wa zamani. Ukiingia tatu kila ubavu utakuwa umeondoa 12, na sketi haitapita nyongani.

Igeuze, ndani iwe nje. Mkanda wa kiuno niliuunga pale pale penye mishono ya ubavuni, nilifanya makusudi, kwa hiyo huna haja ya mkasi. Chukua wembe mpya, fumua mkanda upana wa vidole vinne kila upande wa ubavu, ukikata uzi mmoja mmoja. Usivute, kitambaa kile kikivutwa kinafanya matundu. Kisha unyooshe mkanda usimame, na uchore kwa kipande cha sabuni kikavu: anzia juu kabisa ya mkanda, sentimita moja na nusu ndani, ushuke taratibu hadi ukutane na mshono wa zamani nyongani, kama sentimita 18 chini ya kiuno. Mstari uteleze. Ukikata kona ghafla, pale nyongani patatokeza kama kuna kitu mfukoni.

Sasa piga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, halafu vaa. Usisimame mbele ya kioo ukaridhika. Kaa kitini, inama kama unaokota kalamu, panda ngazi za hosteli. Vidole viwili viingie kiunoni bila kulazimisha. Ikikubana, bandi inafumuka kwa dakika moja, unachora upya.

Ukiridhika, shona juu ya mstari. Uzi usizidi urefu wa kutoka vidoleni hadi kiwikoni, ukiwa mrefu utajifunga mafundo na utakata tamaa bure. Kila ukitoboa, rudisha sindano nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele, mshono huo haufumuki hata ukikimbilia daladala. Kisha toa bandi, fumua mshono wa zamani kutoka kiunoni hadi unapokutana na mpya, usishuke zaidi, ili kitambaa kilale, rudisha mkanda mahali pake. Pasi ipite juu ya kipande cha kanga kilicholowa, la sivyo buluu ile itang'aa.

Kitambaa kinachobaki ndani usikikate. Nilikuachia sentimita 3 kila upande tangu mwanzo, sasa zitakuwa nne na nusu. Zitafanya unene kidogo ubavuni, vumilia. Nilipokuwa msichana fundi mmoja alinipunguzia sketi yangu ya harusi ya dada, akakata vyote vya ndani akavitupa. Nilipokuzaa wewe nikanenepa, nikaitoa sandukuni, nikatafuta cha kufumua sikukiona. Ilikuwa nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Nikampa mtu.

Na wewe kitambaa hicho utakihitaji, kwa sababu sentimita 6 tangu Januari si kidogo. Sikugombezi. Nataka kujua tu: asubuhi unakula nini? Hela ya chakula unainunulia vocha? Au kuna jambo linakunyima usingizi hulisemi kwenye simu? Niambie mimi, baba yako nitamweleza mwenyewe kwa wakati wake.

Kwenye basi la kesho la Moshi nimekuwekea kifurushi. Kina pakiti ya sindano, uzi wa buluu nilioulinganisha na kipande cha kitambaa kilichobaki, futi yangu, na samaki wa kukaanga niliowafunga kwenye gazeti. Samaki uwale siku hiyo hiyo.

Ukimaliza, nitumie picha ya sketi. Piga upande wa ndani, niione mishono.

Mama yako